Bustani ya Yamashita, Stanmore

Suad Khelef alikuwa na miaka hamsini na moja, na ishirini na mitatu kati ya hiyo alikuwa ameshaila London. Mzaliwa wa Wete, Pemba. Alianza kwa kusafisha ofisi, akaja jikoni kwenye shule, halafu akaingia kazi ya kuhudumia wazee majumbani, ile ambayo Waswahili wa huko huiita kea tu, wakamaliza. Kazi hiyo ilimkaa. Kila asubuhi hutoka nyumbani kwake Kilburn, akapanda treni mpaka kituo cha mwisho, Stanmore, viatu vya kazi ndani ya mfuko wa plastiki, na njiani hunywa chai yake ya maziwa kutoka kwenye chupa bila kumsemesha mtu. Akifika kwa wagonjwa wake ndipo ulimi hufunguka.

Mwaka huo, mwezi wa Machi, alipewa mgonjwa mpya. Bi Hatsue, Mjapani, mjane wa miaka tisini na mitatu, anaishi peke yake katika nyumba ya chini isiyo na ngazi. Alianguka bafuni Februari, akavunjika nyonga, akatiwa chuma hospitali. Sasa alikuwa amerudishwa nyumbani kwa wiki sita. Katika wiki sita hizo ajifunze kutembea tena kwa fremu, kile kiunzi cha chuma cha kushikilia. Zikiisha, atakuja mtaalamu wa viungo amtazame: atoke chumbani mwake hadi mlango wa mbele, arudi, bila kushikwa na mtu. Akiweza, atabaki kwake. Asipoweza, kitanda kilikuwa kimeshatafutwa kwenye nyumba ya wazee, na nyumba yake ingefungwa.

Yote hayo yaliandikwa kwenye faili. Lisiloandikwa ni kwamba Bi Hatsue hataki kutembea.

"Haya Bibi, tuinuke. Mpaka jikoni tu," Suad alimwambia siku ya kwanza.

"Jikoni kuna nini?"

"Kuna birika, kuna mkate."

"Nimelijua jiko hilo miaka hamsini. Halijanikimbia."

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu Suad akakaa kitako pembeni ya kitanda, jambo ambalo ofisi yao hailipendi, akamuuliza kama mtu anayemuuliza jirani: "Basi ungekuwa na miguu yako mizima, Bibi, leo ungekwenda wapi?"

Bi Hatsue hakufikiri hata kidogo. "Yamashita."

"Ndiyo wapi huko?"

"Suad-san, hujui Yamashita?" Hiyo san ndiyo heshima ya Kijapani. Alimtazama kwa huruma, kama kwamba mgonjwa ni Suad. "Ni bustani. Yokohama, kwetu Japani, kando ya bahari. Nipe miwani yangu."

Hapo ndipo yalipoanzia. Kumbe yule bibi, asiyetaka kwenda jikoni, alikuwa na bustani nzima kichwani. Akaipanga hewani kwa vidole vyake vyembamba. Bustani ni ndefu na nyembamba, alisema, kama mkanda ulioutandika ufukweni, karibu robo tatu ya kilomita. Ukiingia kwa upande wa mashariki na kwenda magharibi, mkono wako wa kulia ni bahari yote, na kingo za chuma za kuegemea. Mkono wako wa kushoto ni nyasi na miti, na nyuma ya miti barabara ambayo majani ya miti yake kila mwaka hugeuka manjano mpaka mtu akafumba macho. Unatembea, unatembea, unaikuta meli kubwa nyeusi iliyofungwa minyororo pale tangu mwaka wa sitini na moja, haiendi popote. Mbele yake, katikati hasa ya bustani, kuna chemchemi ya maji yenye sanamu juu yake, na vitanda vya mawaridi. Unapumzika. Halafu unaendelea mpaka mwisho kabisa, upande wa magharibi, ambako kuna kinara, mnara mdogo wa mawe wenye kuba, na ndani yake maji ya kunywa.

"Basi twende," Suad akasema.

"Twende wapi?"

"Huko huko. Hiyo korido yako ina urefu. Hapa mlangoni kwako ndiyo mashariki. Bahari iko wapi? Kulia? Sawa, ukuta huu ndiyo bahari. Ile stendi ya makoti yako meusi, hiyo meli."

Bi Hatsue akaitazama stendi ya makoti kwa muda mrefu. "Ile meli ina juu nyeupe," alisema.

Suad akatoa mtandio wake mweupe wa akiba kwenye mkoba, akautupa juu ya makoti. Bi Hatsue akacheka kicheko kikavu kama karatasi, akashika fremu, akainuka.

Siku hiyo hawakuifikia meli. Walikwenda hatua nne. Lakini jioni Suad aliporudi Kilburn hakuweza kulisahau. Alimwambia binti yake Zahra, "Hebu nitafutie kwenye simu hiyo bustani inaitwa Yamashita." Zahra, aliyezaliwa London na anayesikia kila neno la mama yake na kumjibu Kiingereza, akaitafuta, na mama na mwana wakaikuta kweli: mkanda wa kijani, bahari, meli nyeusi yenye juu nyeupe, chemchemi katikati. Kila kitu pale pale alipokiweka yule bibi kwa kidole. Suad akaichukua simu mwenyewe, akaitazama tena. Mtu hajafika mahali miaka mingi, na bado anajua mti uko wapi.

Wiki ya pili walifika melini. Wakapumzika, Bi Hatsue amekaa kwenye kiti cha magurudumu ambacho Suad alikuwa akikisukuma nyuma yake, na hapo ndipo Suad alipouliza swali ambalo yeyote angeliuliza. "Bustani hii, Bibi, iliwekwa na nani?"

"Na tetemeko."

"Lipi hilo?"

"La mwaka elfu moja mia tisa na ishirini na tatu. Mimi sijazaliwa. Ilikuwa karibu na saa sita mchana, watu wanapika, kila jiko lina moto. Ardhi ikatikisika, nyumba zikaanguka juu ya moto wake. Mji wa Yokohama wote, Suad-san. Kilichobaki ni kifusi. Matofali, vigae, mbao zilizoungua. Kifusi hicho wakakipeleka wapi? Wakakipeleka baharini. Wakakimwaga ufukweni miaka na miaka, wakaweka juu yake udongo, wakapanda nyasi na miti. Mwaka wa thelathini wakaifungua, watoto wakaja kucheza. Baba yangu alikuwa na miaka kumi na saba lilipotokea tetemeko. Alisukuma mkokoteni wa kifusi."

Suad alikuwa ameinamia breki ya kiti. "Na watu?" aliuliza.

"Watu walizikwa, waliopatikana. Wengine hawakupatikana."

Asubuhi iliyofuata Suad alifanya jambo ambalo halimo kwenye faili lolote. Walipokuwa wamesimama pale mlangoni mwa chumba, upande wa mashariki, tayari kuanza, alivua viatu vyake vya kazi, akaviweka kando, akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, vile alivyofundishwa na mama yake kupita penye watu wa kale: "Hodi, wenyewe. Tunapita tu. Tuwieni radhi."

"Unasema nini?"

Suad akaona haya. "Kwetu, Bibi, hupiti juu ya watu bila kupiga hodi. Si heshima."

Bi Hatsue akainamisha kichwa, kichwa tu, maana kiuno madaktari walimkataza kukikunja, akakaa nacho chini muda ambao Suad alihesabu pumzi zake sita. Alipokiinua alisema, "Nimepita pale mara elfu. Twende."

Kuanzia siku hiyo haikuwa tena mazoezi. Ilikuwa safari. Kila asubuhi hodi, kila asubuhi kichwa chini, kila asubuhi hatua mbili tatu zaidi, na kila hatua ina kipande chake cha historia. Karibu na meli, Bi Hatsue alieleza jinsi vita vilivyokwisha na Wamarekani wakaizungushia bustani seng'enge, wakajenga humo nyumba za familia za maofisa wao. Yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, akisimama nje ya waya akitazama mashuka meupe yakianikwa mahali alipojifunzia kukimbia. Waliirudisha kidogo kidogo, kipande baada ya kipande, mpaka mwaka wa sitini. Hapo ikaletwa sanamu ya chemchemi, zawadi kutoka mji mmoja wa Marekani. "Walichukua bustani, wakarudisha na sanamu," alisema. Mwaka uliofuata meli ikafungwa minyororo, na yeye akaolewa, akaletwa Uingereza.

Wiki ya nne wakaipita chemchemi, ambayo ilikuwa kiti cha mbao katikati ya korido, wakafika mlango wa mbele. Suad alipiga makofi. Ndiyo masafa yaliyotakiwa.

"Unashangilia nini?" Bi Hatsue akamuuliza. "Bustani haijaisha. Fungua mlango."

Nje palikuwa na njia fupi ya matofali, kijilango, na kando yake ukuta mfupi wa jirani. Jirani mwenyewe, aliyezoea kusalimiana na Suad kila asubuhi, alikuwa akimwagilia maua. Bi Pramila, Mhindi wa Kisumu, miaka sabini na kitu, aliyekuja Stanmore akiwa msichana na ambaye Kiswahili chake alikiweka vizuri kama mtu anavyoweka vyombo vya harusi.

"Mama Zahra! Unampeleka wapi mzee wa watu na baridi hii?"

"Tunakwenda kinarani, Bi Pramila. Yokohama."

"Ala! Mko mbali."

Ikabidi aelezwe. Bi Hatsue akamweleza mwenyewe, ameegemea fremu: mle mjini kabla ya tetemeko waliishi wafanyabiashara wa Kihindi. Tetemeko liliwaua wengine wao, na waliosalia walisaidiwa na watu wa mji, ambao nao hawakuwa na kitu. Wahindi hawakusahau. Mwaka wa thelathini na tisa wakajenga pale bustanini kinara cha maji, chenye kuba, na dari lililopambwa kwa vijiwe vya rangi, kuwaombea waliokufa na kuwashukuru waliowasaidia. "Nilikuwa na miaka saba," alisema Bi Hatsue. "Nilikunywa maji yake."

Bi Pramila aliuachia mpira wa maji ukamwagikia viatu vyake. "Wahindi? Huko pia tulikuwepo?"

"Walikuwepo."

"Walikuwa na duka?"

"Hariri. Walikuwa wanauza hariri."

"Si nilijua! Palipo na kitambaa, sisi tumefika!" Akacheka, halafu kicheko kikamkatikia, akafuta macho kwa ncha ya shali. "Na wakajenga maji. Wakashukuru kwa maji. Haya, ngojeni."

Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha chuma kinachong'ara, kimejaa maji. Akampa Bi Hatsue juu ya ukuta kwa mikono miwili, na Bi Hatsue akakipokea kwa mikono miwili, Suad akamshika kiuno asianguke.

Basi ikawa ndiyo desturi. Kila saa nne asubuhi Bi Pramila husimama ukutani na kikombe chake, yeye ndiye kinara.

"Mnara wenyewe mfupi," Suad humtania.

"Mfupi lakini una maji. Wewe mrefu una nini?"

Wakinywa, wakicheka, Suad huleta kiti cha magurudumu, humkalisha Bi Hatsue, humsukuma mpaka ndani. Na hapa, katika furaha yote hiyo, ndipo alipokosea, naye hakuliona kosa mpaka siku yenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Mtaalamu wa viungo aliitwa Emma, msichana mpole mwenye kalamu nne mfukoni. Alimsalimu Bi Hatsue, akasimama naye mlangoni mwa chumba, akamuuliza swali wanalouliza wote, kujua kama akili ya mtu imetulia. "Unaweza kuniambia uko wapi sasa hivi?"

Bi Hatsue alikuwa ameshashika fremu, ameshainamisha kichwa, ameshakiinua. "Yamashita," alijibu. "Mwisho wa mashariki."

Kalamu ikasimama. Emma akamtazama Suad. Wiki sita za kazi! Na ni yeye, kwa ulimi wake mwenyewe na mtandio wake mwenyewe, aliyempandisha mzee wa watu kwenye gari la nyumba ya wazee.

"Dada Emma, si hivyo," alianza, na Kiingereza chote cha miaka ishirini na mitatu kikamtoroka. "Ni bustani. Ni ya mazoezi. Mimi ndiye niliye..."

"Na mbele yako kuna nini?" Emma alimuuliza Bi Hatsue, taratibu, kalamu ikiandika.

"Mbele yangu kuna makoti yangu, yamevishwa mtandio wa huyu. Leo Jumanne. Hii ni korido yangu, iko Stanmore, na mimi nina miaka tisini na mitatu na chuma kwenye nyonga." Bi Hatsue akamgeukia. "Umeniuliza niko wapi, binti. Mwili wangu uko hapa, moyo wangu uko kule. Ulitaka nikwambie upi? Nitembee?"

Emma akakata mstari juu ya alichokiandika. "Tembea," alisema.

Akatembea. Fremu, mguu, mguu. Fremu, mguu, mguu. Aliipita meli. Kwenye chemchemi akakaa pumzi tatu, akainuka mwenyewe, Suad akiwa ameiweka mikono yake nyuma kama mtoto wa shule ili isimponyoke ikaenda kushika. Mlango wa mbele huo.

"Vizuri sana," Emma alisema. "Inatosha. Sasa ugeuke, urudi mpaka chumbani."

Na hapo ndipo Suad alipoliona kosa lake. Kurudi! Hawakuwahi kurudi. Siku zote, wiki zote, walikuwa wakienda tu, na kurudi ni kwa magurudumu.

"Bibi, geuka hapa hapa," akamwambia kwa haraka. "Leo tusifike kinarani. Uweke nguvu."

"Bustani haijaisha."

"Nakuomba, Bibi."

"Suad-san, kuna mtu anangoja na maji."

Kweli, Bi Pramila alikuwa ameshasimama ukutani, amevaa sari ya sherehe, kikombe mkononi. Bi Hatsue akavuka kizingiti, akashuka njia ya matofali hatua kwa hatua, akafika, akanywa. Emma alipewa kikombe naye akanywa, bila kujua kwa nini. Uso wa Bi Hatsue ulikuwa mweupe kwa uchovu. Kiti cha magurudumu kilikuwa ndani, na hata kingekuwepo pale, kukikalia ni kushindwa.

Akageuka polepole, vipande vipande, kama mlango mzito. Akatazama njia aliyojia.

"Baba alinileta kunywa maji haya," alisema, hakusema na mtu maalumu. "Kisha tukarudi. Wakati wa kurudi ndipo aliponionyesha."

Akaanza. Fremu, mguu, mguu. Akapanda kizingiti. Ndani ya korido, kabla ya kukifikia kiti cha chemchemi, akasimama. Mahali hapo hapakuwa na kitu, ukuta mtupu na sakafu ya mbao. Suad aliijua korido ile kuliko nyumba yake mwenyewe, na hapo hawakuwahi kusimama.

"Hapa," Bi Hatsue alisema. "Ukitoka kinarani, hatua hamsini za mtu mzima. Baba alizihesabu kwa sauti. Kila mkokoteni ulikuwa na mahali pake pa kumwaga, na mkokoteni aliopewa yeye siku moja ulikuwa wa mtaa wake. Alilijua jiko la mama yake kwa vigae vyake vya buluu. Mama yake alikuwa jikoni humo saa ya tetemeko, anapika, na hawakumpata. Baba alisukuma jiko lile mpaka hapa, akalimwaga kwa mikono yake. Akaniambia, Hatsue, bibi yako yuko hapa, na juu yake watoto wanacheza, tazama. Nikatazama. Kulikuwa na watoto wanacheza mpira."

Emma akairudisha kalamu mfukoni. Suad alitazama zile mbao za sakafu na akaona kitu kinaingia ndani yake, kikubwa, kisicho na jina: kwamba mji mzima unaweza kulala chini ya nyasi, na mtu mmoja akabeba hesabu ya hatua zake miaka themanini na sita, akaja nayo Stanmore.

"Unaweza kupumzika," Emma alisema kwa sauti ndogo. "Haitahesabiwa. Chukua muda wako."

"Sipumziki hapa," Bi Hatsue akajibu. "Hapa tulipita tukienda nyumbani."

Akaipita chemchemi bila kukaa. Jasho lilimtoka kipajini. Karibu na meli goti lake lilicheza, Suad akapiga hatua, Bi Hatsue akamzuia kwa jicho. Fremu, mguu. Fremu, mguu. Mlango wa chumba. Kitanda. Akakigusa kwa nyuma ya miguu, kama alivyofundishwa, akakaa mwenyewe, akatoa pumzi ndefu, kisha akauliza kama chai ipo au hakuna anayefanya kazi leo.

Emma alikaa kwenye kona ya meza akajaza karatasi yake. Aliweka alama panaposema abaki nyumbani, akatia sahihi. Kisha akakwama kwenye mstari mmoja, akamnong'oneza Suad, aliyekuwa amepiga magoti akimvua Bi Hatsue viatu.

"Hapa wanauliza masafa aliyotembea. Niandike nini?"

Suad hakuinua kichwa, maana machozi yalikuwa yamemjaa.

"Andika kwenda na kurudi," alisema.